Masikio ya Bernardine na Bima Isiyokuwa Bima

Ildephonse aliamini kwamba Rigobert alitoa kitu mahali fulani. Hakuwa na ushahidi, lakini hakuona maelezo mengine. Watoto wawili, daktari mmoja, kadi mbili za bima zenye rangi ile ile ya kijani na picha ile ile ya ndege wa ziwani. Rukundo, mtoto wa Rigobert, alitoka kwa daktari na vifaa vya kusikia, vya buluu, vimetulia nyuma ya masikio kana kwamba alizaliwa navyo. Bernardine, binti ya Ildephonse, alirudi nyumbani bila kitu, na baada ya muda simu ikaja kusema kwamba bima imekataa.

Wanaume hao wawili walikuwa marafiki tangu kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikokaa miaka mingi baada ya kukimbia Kivu, Kongo. Sasa walipanga jengo moja Coon Rapids, kaskazini mwa Minneapolis, mmoja akiishi juu ya mwenzake. Rigobert alikuwa fundi katika karakana ya makabati ya jikoni kule Maple Grove. Ildephonse alifanya kazi Anoka, kwenye kiwanda cha milango ya gereji, upande wa mashine za kukunja mabati. Jumapili mchana walisali pamoja, katika kanisa ambalo Walutheri wenyeji huwaachia Wakongomani wakishamaliza ibada yao.

Bernardine aliugua homa ya uti wa mgongo huko kambini akiwa bado mchanga. Alipona, na kwa muda mrefu wazazi wake walidhani tu kwamba ni mtoto mpole, asiyependa maneno. Mwalimu wake wa hapa Amerika ndiye aliyegundua kwamba msichana anasoma midomo. Mwalimu akigeuka ubaoni kuandika, Bernardine anapotea. Shule ikamwazima kifaa cha kuvaa darasani, akivue kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani. Kwa hiyo mchana alikuwa mtoto anayesikia, jioni anakuwa mtoto wa kuguswa bega.

Daktari wa masikio aliwaambia Ildephonse na mkewe Gentille wasihangaike. "Sheria ya Minnesota inaitaka bima ilipie vifaa vya kusikia vya watoto," alisema, na Ildephonse akalishika neno hilo. Kwenye mpango wa matibabu wa serikali kwa wenye kipato kidogo walishatolewa tangu Gentille apate kazi ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee, na bei ya vifaa hivyo ilikuwa ya kununulia gari, hata kama ni gari kuukuu. Tumaini lao lilikuwa ni hiyo kadi ya kijani.

Ildephonse hakuwa mtu wa kuamini haraka, na alikuwa na sababu zake. Barabara ya kushuka Uvira, alipokuwa kijana, ilikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza cha askari wa serikali, cha pili cha vijana wa msituni. Wote walitoza. Siku alipoporwa mbuzi katikati ya vizuizi hivyo viwili, askari walimwambia pale si eneo lao, na vijana wakamwambia vivyo hivyo. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia "hilo si langu, nenda kwa yule," Ildephonse humtazama usoni kwa makini sana.

Kwanza alimwendea Makena, Mkenya kutoka Meru, aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi pale kiwandani. Makena alikuwa mwepesi wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Baba Bernardine, hiyo ni plan tu. Kila plan ina mambo yake."

"Madame Makena, mwenzangu ana kadi hii hii."

"Kadi inaweza kufanana." Alishusha sauti, akaangalia mlango. "Wacha ni-check, nitakuambia."

Hakumwambia. Wiki ikapita, na nyingine. Kila Ildephonse alipopita ofisini alimkuta Makena kwenye simu, na mara moja aliona wazi kwamba simu yenyewe haijawashwa. Hapo akajua kuna kinachofichwa. Hakujua ni nini wala kinafichwa kwa faida ya nani, na akili yake ikamrudia Rigobert. Karakana ya Maple Grove ilikuwa ya bwana mmoja mzee aliyempenda Rigobert. Labda bwana huyo anajuana na watu wa bima. Labda Rigobert anajua mlango wa kuingilia na ameamua kumfungia mwenzake. Mbona hata siku moja hakusema alivyopata?

Jumapili iliyofuata, uwanjani pa kanisa, watu wakiwa wanaingia kwenye magari, Ildephonse alimvuta Rigobert kando.

"Baba Rukundo, uniambie ukweli. Ulimpa nani, na ulimpa nini?"

Rigobert alidhani ni utani. "Nimpe nani nini?"

"Watu wa bima. Kadi ni moja, daktari ni mmoja. Wako amepata, wangu amenyimwa. Kama kuna njia, si ungeniambia? Tumekula sahani moja Nyarugusu."

Rukundo alikuwa amesimama karibu na baba yake, vile vifaa vya buluu vikimwezesha kusikia kila neno. Rigobert alimtazama mtoto, akamtazama rafiki yake.

"Unaniita mtoa rushwa mbele ya mwanangu? Hapa, kanisani?" Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Sikutoa chochote. Nilimpa daktari kadi, basi. Usinisalimie tena mpaka utakapojua ulichokisema."

Akamshika Rukundo mkono, wakaondoka. Kwa miezi mingi baadaye, familia hizo mbili zilipishana kwenye ngazi za jengo lao kama wageni.

Gentille alipopata habari hakumpigia mumewe makelele. Alimuuliza tu, "Na kama umekosea?"

"Kama nimekosea, basi ni nani anayesema uongo?"

"Hilo kawaulize wanaohusika na bima. Siyo kwa Baba Rukundo." Mfanyakazi mwenzake wa kufua alikuwa amemwambia kwamba jimbo lina ofisi inayosimamia bima, na mtu yeyote anaweza kupiga simu akalalamika. Wanaweka hata mkalimani.

Ildephonse alipiga akiwa ndani ya gari lake, saa ya chakula. Mwanamke wa ofisi ya jimbo alimsikiliza hadi mwisho, mkalimani katikati, akauliza jina la mwajiri na akaahidi kufuatilia. Siku chache baadaye akapiga mwenyewe. Mkalimani wa siku hiyo alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili cha Tanzania, kilichonyooka.

"Anasema bima yako haiko chini ya mamlaka yao."

"Muulize kwa nini."

Kukawa na maneno ya Kiingereza. "Anasema kwa sababu, kisheria, hiyo si bima."

Ildephonse aliondoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Bwana, umetafsiri sawasawa?"

"Nimetafsiri alivyosema, mzee."

"Kila wakinilipa wananikata, na wanasema wanakata ya bima. Kadi ina jina la kampuni ya bima. Kama si bima, ni nini?"

Yule mwanamke alieleza polepole, na mkalimani akamfuata. Wako waajiri wanaonunua bima kwa kampuni ya bima. Hiyo inasimamiwa na jimbo, na sheria ya Minnesota kuhusu vifaa vya watoto inaigusa. Lakini wako waajiri wengine wasionunua bima kabisa. Wanalipia matibabu ya wafanyakazi wao kutoka mfuko wa kampuni yenyewe, halafu wanaikodi kampuni ya bima ipokee simu, ishughulikie madai na kutoa kadi. Mipango ya namna hiyo iko chini ya sheria ya serikali kuu, kule Washington, na sheria ya jimbo haiifikii. Kiwanda chake kilikuwa cha aina hiyo ya pili. Kama rafiki yake ameajiriwa kwenye karakana ndogo, basi yaelekea bwana wake amenunua bima ya kweli, na ndiyo sababu mtoto wake alipata.

"Mwambie hivi," alisema Ildephonse. "Mtoto wangu anakaa Minnesota. Anasoma Minnesota. Masikio yake yako Minnesota. Kwa nini yeye ni wa Washington na wa mwenzangu ni wa hapa?"

Mkalimani akatafsiri. Mwanamke akajibu kwa kifupi.

"Anasema swali lako ni la haki, na anasikitika. Anakupa namba ya Idara ya Kazi ya serikali kuu."

Ildephonse hakuiandika namba ile. Alikaa garini akitazama ukuta wa kiwanda. Vizuizi viwili, alijisemea, na kila kimoja kinamtuma kwa mwenzake. Aliwashuku wote: mwanamke, mkalimani, kampuni yenye ndege kwenye kadi. Hata maelezo yenyewe yalimtia shaka kwa sababu yalikaa vizuri mno. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo angeweza kulipima mwenyewe, hapo hapo. Akashuka, akaingia ndani, akamkuta Makena kwenye chumba cha chakula akipasha chai.

"Madame Makena. Bima yetu ni bima, au kiwanda kinajilipia chenyewe?"

Makena aliacha mashine ya kupashia ilie hadi ikanyamaza.

"Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

Makena aliketi. Alikuwa mwanamke wa kuvaa vizuri na kutembea haraka, lakini hapo alionekana amechoka. "Ilibadilishwa mwaka juzi. Zamani tulikuwa tunanunua bima. Bei ikapanda, washauri wakawaambia wakubwa, jilipieni wenyewe, ni nafuu, na hamtabanwa na sheria za jimbo. Mimi niliambiwa, wafanyakazi wakiuliza, sema kadi ni ile ile na kampuni ni ile ile. Na si uongo, Baba Bernardine. Kadi ni ile ile."

"Lakini ulijua kilichokuwa nyuma yake."

"Nilijua." Hakumtazama. "Nami nina watoto. Nami nahitaji hii kazi."

Ildephonse alitaka kukasirika, akashindwa. Kilichomjaa kilikuwa aibu, na haikuwa ya Makena. Ilikuwa yake mwenyewe, pale uwanjani pa kanisa.

Jioni hiyo alipanda ngazi hadi mlango wa Rigobert, akasimama, akashuka. Kesho yake akapanda tena, akagonga. Rigobert alifungua akabaki katikati ya mlango.

"Nimejua nilichokisema," Ildephonse akasema. "Bwana wako amenunua bima. Wangu hakununua, alituachia kadi tu. Hukutoa chochote. Nilikosea, na nilikosea mbele ya mtoto."

"Umemwambia nani mwingine kwamba nilihonga?"

"Gentille peke yake."

Rigobert alifikiri. "Nimekusikia," akasema, akafunga mlango taratibu. Hakumkaribisha ndani, na Ildephonse aliona hilo ni haki yake.

Gentille ndiye aliyeipata tena ile namba ya Idara ya Kazi, na ndiye aliyemlazimisha mumewe apige. Mtu wa huko alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtia Ildephonse wasiwasi zaidi. Alieleza kwamba sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwajiri wa namna ile kulipia vifaa vya kusikia. Inamlazimisha afuate masharti ya mpango wake mwenyewe, aeleze sababu ya kukataa, na ampe mfanyakazi nafasi ya kukata rufaa. Pia haimruhusu kumfukuza mtu kwa kuwa amedai haki yake katika mpango huo.

"Kwa hiyo jimbo lina sheria nzuri lakini mkono wake haufiki," Ildephonse alimwambia mkalimani. "Na nyinyi mkono wenu unafika lakini sheria hiyo hamna."

Mtu yule alikubali kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Kisha akaongeza jambo ambalo Ildephonse alimtaka mkalimani alirudie: "Aliyeupanga mpango ndiye anayeweza kuubadilisha. Ni mwajiri wako. Hakuna anayemkataza kulipia. Mwombe."

Ildephonse alikata rufaa, na rufaa ikakataliwa: vifaa vya kusikia havimo. Kuhusu kumwomba mwajiri, alikataa katakata. "Huo ni mtego," alimwambia Gentille. "Watajua jina langu. Leo watacheka nami, mwezi ujao watasema mashine yangu haina kazi. Huyo wa simu yuko mbali, atanisaidia nini nikiwa nje getini?"

Ingeishia hapo, kama si Brandon. Brandon alikuwa dereva wa foklifti, Mzungu mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Anoka, aliyefanya kazi pale tangu enzi za baba wa mwenye kiwanda. Alikuwa meza ya jirani kwenye chumba cha chakula siku Makena alipokiri. Kiswahili hakukijua, lakini aliona Makena alivyobadilika sura, na kiwandani alikwishasikia kwamba Ildephonse anadai vifaa vya kusikia, akamuuliza kuna nini. Ildephonse hakumjibu. Kwa siku kadhaa alimkwepa, akijiuliza kwa nini mtu huyu anataka kujua, na atampelekea nani. Mwishowe Brandon alikuja na chakula chake, akaketi mbele yake, akachomoa kitu kidogo sikioni, akakiweka juu ya meza.

Kilikuwa kifaa cha kusikia.

"Mashine za humu ndani," Brandon alisema, akionyesha kwa kidole. "Nimejinunulia mwenyewe. Niliambiwa havilipwi. Nikadhani ni kwa sababu mimi ni mzee. Wewe unavitafutia nani?"

Ildephonse alimweleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani. Brandon alisikiliza huku akimtazama mdomoni, kama Bernardine anavyofanya. Aliposikia kwamba mpango wao umetoka chini ya jimbo ukaenda Washington bila mtu kuambiwa, uso ulimwiva. Yeye Washington hakuiamini hata kidogo, alisema, na sasa wakubwa wamekwenda kujificha huko huko.

"Twende kwa mwenyewe," akasema.

"Wewe wanakujua. Mimi watanifukuza."

"Basi nitaongea mimi, wewe utakaa tu. Lakini lazima uwepo. Mtoto ni wako."

Walikwenda, na Ildephonse aliingia ofisi ile akiwa amekwishahesabu moyoni viwanda vingine ambavyo angeweza kuomba kazi. Mwenye kiwanda alikuwa mtu mzima wa makamo aliyevaa fulana yenye nembo ya kampuni. Makena aliitwa naye, akasimama ukutani. Brandon alianza, lakini katikati alikwama kwenye maelezo, na Ildephonse akajikuta anasema mwenyewe.

"Bwana, binti yangu anaitwa Bernardine. Shuleni anasikia. Nyumbani hasikii. Nikiendesha gari siwezi kuongea naye, kwa sababu haoni mdomo wangu. Zamani, mlipokuwa mnanunua bima, sheria ingemlipia. Sasa ni wewe tu. Watu wa serikali wamesema hivyo, wa hapa na wa Washington. Ni wewe."

Mwenye kiwanda alimgeukia Makena. "Ni kweli tuliviacha nje?"

"Ni kweli," Makena alijibu. Akavuta pumzi. "Na wafanyakazi hatukuwaambia vizuri. Mimi niliambiwa niseme hakuna kilichobadilika."

Bwana yule alijikuna shingo. Alisema washauri walileta mpango ukiwa tayari, hakusoma kila kipengele. Alisema ataangalia. Ildephonse alijua neno hilo. Watu wengi wakubwa walikwishamwambia wataangalia, katika nchi tatu tofauti.

Kwa majira yote ya joto alisubiri kufukuzwa. Msimamizi akimwita, alidhani ndiyo siku yake. Walipomhamishia mashine nyingine alimwambia Gentille kwamba imeanza, kumbe mashine ya zamani ilikuwa imeharibika tu. Hakufukuzwa. Lakini pia hakuambiwa kitu.

Majani yalipoanza kudondoka, ukafika wakati wa wafanyakazi kujiandikisha upya kwa mwaka unaofuata. Makena aliwakusanya chumba cha chakula, na safari hii alieleza yote bila kushusha sauti: kwamba kiwanda kinajilipia chenyewe, kwamba jimbo haliusimamii mpango wake, na mtu akikataliwa akalalamike wapi. Kisha akatangaza kwamba kuanzia mwezi wa kwanza, vifaa vya kusikia vya watoto vitalipiwa.

Watu wachache walipiga makofi. Ildephonse aliinua mkono.

"Na mmeondoa nini?"

Makena alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelitarajia swali. "Kwenda emergency hospitalini kutakuwa ghali zaidi. Na vifaa vya watu wazima bado havimo."

Ildephonse aligeuka kumtafuta Brandon. Mzee alikuwa nyuma, ameegemea mashine ya vinywaji, na hakuonekana kama amesikia. Ildephonse alimfuata, akamrudia maneno yale karibu na sikio. Brandon aliinua mabega. "Nilijua," alisema. "Mtoto kwanza." Lakini alimaliza kahawa yake bila kuongea na mtu, na mchana kutwa aliendesha foklifti kwa kasi isiyo ya kawaida yake.

Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika magotini, Bernardine alivalishwa vifaa vyake, vya zambarau, alivyochagua mwenyewe. Ildephonse alimuuliza daktari mara mbili kama kweli vimelipiwa, na mara ya tatu akamuuliza yule wa mapokezi. Garini, akiwa kiti cha nyuma, Bernardine alisema kwa Kiingereza kwamba gari linapiga kelele mno. Baba yake alimjibu bila kugeuka, akamwambia kwa Kiswahili kwamba ni la zamani. Msichana akauliza la zamani kiasi gani. Wakaongea hivyo hadi nyumbani, Gentille akitazama nje ya dirisha na kujipangusa macho kwa skafu.

Rigobert alikutana nao kwenye ngazi. Aliona zambarau ile, akamwinamia Bernardine akamwita kwa jina, polepole. Kwa Ildephonse alitikisa kichwa tu. Hata hivyo jioni ile Rukundo alishuka kucheza, na aliposhuka alikuwa amebeba bakuli la maharage kutoka kwa mama yake.

Jumatatu Ildephonse alimpitia Makena ofisini. Hakukaa.

"Madame Makena, merci. Lakini siku wakibadilisha tena, nani ataniambia?"

"Mimi nitakuambia, Baba Bernardine. Naapa."

Ildephonse alimtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Sawa," akasema. "Lakini hata hivyo nitampigia yule mwanamke wa jimbo, kila mwaka, na yule wa Washington pia. Nitalinganisha." Akavaa kofia yake ya kazi, akaenda kuwasha mashine.